Tabianchi Haikubadilika, Imegeuzwa

Mtoto aliyeangusha kikombe huwaambia wakubwa kwamba kikombe kimevunjika. Hasemi "nimekivunja". Lugha imempa kiungo kidogo, -ik-, kinachomruhusu kulitaja tukio akamwacha mtendaji nje, naye hukitumia vizuri kabla hajafundishwa sarufi. Kiungo hicho hicho kimo ndani ya neno "mabadiliko", na ndicho kilichonifanya niandike makala haya. "Mabadiliko ya tabianchi" ni istilahi iliyopita mikononi mwa kamati, ikaingia katika sera, sheria na vitabu vya shule, bila mjumbe kuuliza inatokana na kitenzi gani. Inatokana na "badilika". Kitu kimebadilika chenyewe, kama sauti ya kijana anayebalehe. Aliyekibadilisha hayumo.

Ugomvi wa miaka yote umekuwa juu ya nusu ya pili ya istilahi, nami upande wangu ni wa "tabianchi". Wanaong'ang'ania "mabadiliko ya hali ya hewa" hawajalipima neno "hali". Asili yake ni Kiarabu, mzizi wenye maana ya kugeuka na kuhama. Ndugu zake katika Kiswahili ni "hawala", fedha inayohama mkono, na "hawilisha". Hali ni kitu cha kupita. Ndiyo maana tunapoamkiana twaulizana "u hali gani?" na jibu la asubuhi laweza kutofautiana na la jioni, lakini hakuna anayemwamkia mwenzake kwa kumwuliza tabia yake. Hali ya hewa ni mvua ya kesho na upepo wa leo baharini, na wataalamu wake hutoa utabiri wa siku chache. Jambo tunalolizungumzia hapa hupimwa kwa wastani wa miaka 30 hivi. Kusema kwamba hali imebadilika ni kusema kwamba kigeugeu kimegeuka. "Tabia" ni neno la ukoo mwingine. Mzizi wake ni wa kupiga chapa, ule ule uliotupa "matbaa", mahali pa kuchapia vitabu. Tabia ni chapa iliyokwisha kukaa.

Kuna wanaodai kwamba nchi haina tabia, na kwamba "tabianchi" humfanya msomaji afikirie mwenendo wa serikali. Wanasoma neno "nchi" kana kwamba lilizaliwa pamoja na bendera. Nchi ni ardhi tuikanyagayo. "Chini" ni neno hilo hilo lililoongezewa -ni ya mahali. Wakikuyu husema "thĩ" kwa maana ya ardhi na dunia, Wanyarwanda husema "isi", Waganda "ensi". Na si Wabantu pekee walioanzia ardhini. Wagiriki walitumia "klima", yaani mwinamo, wakimaanisha jinsi kila ukanda wa dunia unavyoliinamia jua. Waarabu husema "munakh", neno lililotokana na mahali ngamia anapopiga magoti. Tabianchi, neno moja lisilokatwa vipande, limekaa vizuri katika ukoo huo.

Lakini ushindi wa nusu ya pili umewalaza watu, na nusu ya kwanza imebaki na kasoro yake. Kiswahili hakina uhaba wa maneno yanayomtaja mtendaji. Moshi na maji machafu ya viwandani tumeviita "uchafuzi wa mazingira", si "uchafu wa mazingira", kwa sababu yupo anayechafua. Msitu unapoangamizwa twasema "ukataji wa miti". "Kukatika kwa miti" tumeuachia upepo. Basi kwa nini katika jambo kubwa kuliko yote hayo tumerudi kwenye lugha ya mtoto na kikombe? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1992 kuhusu tabianchi unasema katika Kifungu cha 1 kwamba mabadiliko unayoyakusudia ni yale yanayotokana na shughuli za binadamu, moja kwa moja au kwa njia nyingine, zinazogeuza muundo wa angahewa. Neno la Kiingereza lilipokosa kumtaja mtendaji, sheria ilimtaja katika fasili. Watafsiri wetu walichukua neno, fasili wakaiacha. Vipimo navyo havina utata: kabla ya enzi ya viwanda kabonidioksidi ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila milioni ya hewa, Charles David Keeling alipoanza kuipima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 ilikuwa 315 hivi, sasa imepita 420. "Ongezeko la joto duniani" lina ugonjwa huo huo. Joto halikuongezeka, liliongezwa.

Napendekeza "ugeuzaji wa tabianchi". Sikuchagua "ubadilishaji" kwa sababu neno hilo limeshikwa na maduka ya fedha za kigeni, na harufu ya kupeana na kupokea haitoki. Sikuchagua "mageuzi" kwa kuwa tangu siasa za vyama vingi ziliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1990 neno hilo limebeba tumaini, na hapa hakuna la kutumainiwa. "Geuza" ni kitenzi chetu cha Kibantu, na -z- yake inadai mtendaji: haiwezekani kusikia "ugeuzaji" bila kuuliza "nani?"

Nitaambiwa kwamba tabianchi ilikuwa ikibadilika kabla ya binadamu kuwasha kiwanda. Ni kweli, miaka elfu kadhaa iliyopita Sahara ilikuwa na maziwa na viboko. Hiyo ndiyo hoja yangu. Hayo na yaitwe mabadiliko, na haya yaitwe ugeuzaji, maana lugha yenye neno moja kwa mambo mawili humpa mkaidi kisingizio cha kuyachanganya. Nitaambiwa pia kwamba "ugeuzaji" humtia hatiani mkulima wa Kitui sawa na mwenye mgodi wa makaa ya mawe. Sivyo. Neno hufungua swali la nani na kwa kiasi gani, na jibu lipo: bara zima la Afrika hutoa karibu asilimia 4 tu ya kabonidioksidi ya dunia. "Mabadiliko" ndiyo yanayomwonea mkulima huyo, kwani humwambia "akabiliane nayo" kama mtu aliyepatwa na msiba usio na mwenyewe. Kati ya 2020 na 2023 Pembe ya Afrika ilikosa misimu mitano ya mvua mfululizo, mifugo ikafa kwa mamilioni. Watafiti wa World Weather Attribution walikadiria kwamba kazi ya binadamu iliongeza uwezekano wa ukame wa namna ile angalau mara 100. Mfugaji aliyebaki na fimbo mkononi anastahili kitenzi chenye mtendaji.

Zaidi ya yote nitaambiwa kwamba istilahi imeshazoeleka na haing'oleki. "Zeruzeru" lilizoeleka kuliko hii, na leo twasema "mtu mwenye ualbino". "Kilema" nalo limeondoka. Kamati zinazojificha nyuma ya mazoea zinajua hayo, na ningependa zijibu hoja ya -ik- badala ya kuhesabu nakala zilizokwisha kuchapwa. Kwa matumizi, "ugeuzaji wa tabianchi" na "tabianchi iliyogeuzwa" yanatosha. Mwaka 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba dola zina wajibu wa kisheria wa kuilinda tabianchi, na kwamba ukiukaji wake waweza kuzaa fidia. Maoni hayo yatakapofasiriwa kwa Kiswahili, mfasiri atahitaji neno ambalo mdaiwa yumo ndani yake.