Somo Lililokatika Shambani

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Mwaka 1987 uchunguzi ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba karibu watu wazima 24 kati ya kila 100 walikuwa na virusi. Tumezoea kusimulia habari hizi kwa kuhesabu makaburi. Lakini wazazi wale walizikwa pamoja na kitu kingine: mafundisho ambayo hawakuwahi kuyamaliza.

Kwa Wahaya, kibanja ndicho kilikuwa darasa. Mtoto alimfuata mzazi kati ya migomba na mibuni, akaona chipukizi lipi linaachwa na lipi linaondolewa, samadi inawekwa wapi, nyasi za kutandaza zinakatwa lini, na mpaka wa jirani unapita wapi. Hakuna aliyeyaandika. Kila mzazi aliamini kwamba miaka bado ipo. Ugonjwa ulipoingia, baba alilala kitandani kabla mwana hajaweza kushika panga, na mama akafuata.

Hivyo yatima wengi wa Bukoba na Muleba walirithi shamba wasilojua kulitunza, na wengine hawakujua hata mpaka wake. Ndugu mwenye tamaa akapata nafasi. Binti alibanwa zaidi na mila. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza sawa na mwanamume. Uamuzi huo ulisimama juu ya Katiba, lakini ardhi yenyewe ilimfikia mama yule kwa sababu baba yake aliacha wosia.

Nani alishika nafasi ya mwalimu? Mara nyingi ni bibi, mgongo umeinama, akianza upya kulea. Kanisa la Kilutheri lilimsaidia kupitia Huyawa, yaani Huduma ya Watoto. Huko Nshamba, Muleba, ulianza mradi wa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kufariji, na mwaka 2000 ikazaliwa Vijana Simama Imara, jumuiya iliyoongozwa na yatima wenyewe. Jirani zetu Uganda, akina mama wenye virusi waliandika vitabu vya kumbukumbu, ili mtoto ajue ukoo wake na matumaini ya mama yake.

Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo, anaitaja imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Imani ile ilipita nyumbani, mkono kwa mkono. Kuomba, kupika, kulima na kutunza fedha havifundishwi katika vyumba tofauti.

Leo dawa zimewarudishia wazazi wengi uhai. Hata hivyo watoto wetu huenda shule za bweni wakiwa wadogo, kisha Mwanza au Dar es Salaam, nasi tunasema: "Akikua atajua." Ndivyo walivyosema pia wazazi wa miaka ile, nao hawakuwa wazembe, walidhani tu kwamba wana muda. Basi likizo hii, kabla mtoto hajafunga sanduku, tembea naye kibanjani. Mwonyeshe mpaka. Mwambie wosia uko wapi. Mwache apike chakula cha jioni, na sala ya mezani aiongoze yeye.