Peter Higgs Asingepata Kazi Leo

Sisi watu wa mtandaoni tunaishi kwa hesabu: laiki ngapi, watazamaji wangapi, wafuasi wangapi. Lakini mnajua hata wanasayansi wanahesabiwa hivyo? Tena vibaya kutuliko. Umechapisha makala mangapi? Wenzako wamekunukuu mara ngapi? Ukikosa idadi, kupandishwa cheo sahau. Sasa hebu niwape historia ya mzee mmoja aliyeangushwa na hiyo hesabu miaka mingi, na bado akaishinda.

Peter Higgs alizaliwa Newcastle, Uingereza, mwaka wa 1929. Mwaka wa 1964, akiwa mhadhiri Edinburgh, aliandika makala mawili mafupi kuhusu swali linaloonekana la kitoto: mbona chembe ndogo kabisa za ulimwengu, zingine zina uzito na zingine hazina? Ya kwanza ilichapishwa. Ya pili, ile yenye uzito wenyewe, jarida lilelile likaikataa. Higgs hakulia. Aliongeza maneno machache kwamba kama wazo hili ni kweli, basi lazima kuwe na chembe mpya, halafu akaituma kwa jarida la Marekani. Ikatoka Oktoba mwaka huohuo.

Na tuseme ukweli, hakuwa peke yake. Robert Brout na François Englert wa Ubelgiji walikuwa wamemtangulia kwa wiki chache, na wengine watatu wakafuata mwaka huohuo.

Je, dunia ilisimama? Wapi! Miaka ikapita kimya. Mwaka wa 1967 Steven Weinberg alilitumia wazo hilo katika makala yasiyofika kurasa tatu, na hayo pia karibu yasahaulike. Mpaka 1971, kijana wa Uholanzi, Gerard 't Hooft, akiwa bado mwanafunzi, alipoonyesha kwamba hesabu za nadharia hiyo zinakubali. Hapo ndipo kila mtu akaanza kunukuu. Makala ya Weinberg yakawa kati ya yale yaliyonukuliwa zaidi katika fizikia yote ya chembe.

Na Higgs? Baada ya 1964 alichapisha makala yasiyozidi kumi. Maisha yote! Idara yake ikimuuliza amechapisha nini hivi karibuni, anajibu: hakuna. Mwaka wa 2013 aliliambia gazeti la Guardian kwamba wakati huu wetu asingepata kazi chuoni, kwa sababu angeonekana hazalishi vya kutosha. Aliamini pia kwamba angefutwa, ila mwaka wa 1980 jina lake lilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel, chuo kikaona afadhali kingoje.

Tarehe 4 Julai 2012, CERN ikatangaza kwamba chembe imepatikana, kwa mtambo wa mviringo wa kilomita 27 ulio chini ya ardhi. Mwaka uliofuata Higgs na Englert wakapewa Nobel. Brout alikuwa amefariki 2011.

Sasa linganisheni. Mwaka wa 2015 vikundi viwili vya CERN vilitoa makala ya kupima uzito wa chembe hiyohiyo, yenye waandishi 5,154. Kurasa 33, na 24 kati yake ni za majina na vyuo tu! Siwacheki, mtambo ule unahitaji jeshi. Lakini kwa kuhesabu tu, kila mmoja wao amepata makala moja, sawa na ile ya pili ya Higgs.

Najua mtaniambia bila hesabu wahadhiri wengine watalala. Kweli, wapo. Lakini hesabu nayo imezaa majarida yanayochapisha chochote bora ulipe, na hapa Kenya pia mhadhiri anayetaka cheo anajua lazima alete makala. Yule anayefikiria jambo moja gumu miaka saba anaonekana mvivu.

Kinachoniuma ni hiki: Higgs hakuokolewa na mtu aliyesoma kazi yake akaielewa. Aliokolewa na uvumi wa tuzo. Wangapi waliokuwa na wazo kama lake, na hakuna aliyewapendekeza popote, wakaambiwa wafunge virago? Hao hatuna majina yao. Kwa hivyo bana, ukikaa kwenye kamati ya kupandisha watu vyeo, kabla ya kuhesabu makala, chukua moja. Isome.