Vindaloo na kiazi kilichogoma

Leo tuache siasa, tuingie jikoni.

Jumapili mwenzangu ninayekaa naye alipika vindaloo, chakula cha Goa, magharibi mwa India. Akatia viazi, maana kwa Kihindi aloo ni kiazi. Saa nzima viazi vikagoma kuiva! Siki huzuia viazi kulainika, na vindaloo haipikwi bila siki.

Kumbe hiyo "aloo" asili yake si kiazi. Wareno waliiteka Goa mwaka 1510, wakakaa hadi 1961. Walikuja na nyama iliyolowekwa kwenye mvinyo na vitunguu saumu, carne de vinha d'alhos. Hizo "alhos" ndizo vitunguu saumu. Wapishi wa Goa wakaweka siki ya tembo la mnazi badala ya mvinyo, wakaongeza viungo na pilipili. Nyama yenyewe, kitimoto. Na pilipili nayo ilitoka Amerika, ikaletwa na Wareno haohao.

Sisi je? Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593, na neno letu mvinyo limetokana na vinho yao.

Simsifu mkoloni, aliua na kupora. Lakini mtu akinibishia kwamba chakula chake ni cha asili tupu na cha jirani ni cha kuja, namwambia aondoe vilivyotoka Amerika: pilipili, nyanya, mihogo, mahindi. Halafu anipikie ugali tuone.