Jimbo la Mashariki na Kura Tatu

Msomaji wa leo akisikia neno "jimbo" hufikiria eneo la mbunge. Wazee wetu walilitumia kwa maana nyingine: jimbo lilikuwa sehemu kubwa ya utawala wa kikoloni, yenye wilaya kadhaa ndani yake. Katika uchaguzi wa 1958 maana hizo mbili zilikutana, kwani Serikali ya Tanganyika iliyafanya majimbo ya utawala kuwa majimbo ya uchaguzi. Mojawapo lilikuwa Jimbo la Mashariki, lililoanzia pwani ya Bagamoyo na Rufiji likafika milima ya Uluguru na bonde la Kilombero. Mji wa Dar es Salaam ulitengwa nalo, ukapewa uchaguzi wake.

Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuchagua mtu mmoja katika kila kundi; akiacha moja, kura yake yote iliharibika. Tena si kila mtu aliyeruhusiwa kupiga kura. Ilimpasa awe na elimu ya kiwango kilichowekwa, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Katika nchi yenye watu karibu milioni 9, walioandikishwa hawakufika 60,000.

Je, TANU ikubali masharti hayo? Swali hili nusura likivunje chama katika mkutano wa Tabora, Januari 1958. Wengi waliona kwamba kushiriki ni kuukubali ubaguzi wa rangi. Mwalimu Nyerere alishikilia kwamba kususa kungekiachia viti chama cha UTP, kilichopendelewa na Gavana Twining. Hoja yake ilishinda, lakini Zuberi Mtemvu alijitoa akaunda chama chake, African National Congress. Tusiwahukumu upesi waliokataa. Hofu yao ilikuwa na msingi.

Mwalimu mwenyewe aligombea Jimbo la Mashariki. Mpinzani wake hakuwa mgeni: alikuwa Patrick Kunambi, mwenyeji wa Uluguru na mmoja wa waasisi 17 wa TANU mwaka 1954. Mwezi mmoja tu kabla ya kura, mahakama ilimtia Nyerere hatiani kwa makala yaliyowashutumu mabwana shauri wawili, ikamtoza faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Shilingi 3,000 ni zile zile pauni 150 ambazo mtu alitakiwa kuzipata kwa mwaka mzima ili aitwe mpiga kura. Faini ililipwa.

Septemba 1958 Nyerere alipata kura zaidi ya 2,600, Kunambi takriban 800. Idadi hiyo ni ndogo kwa eneo kubwa kiasi hicho. Lakini hesabu ya wakoloni iliwageukia wenyewe: kwa kuwa kwa jumla Waafrika ndio waliokuwa wengi katika daftari, sharti la kura tatu liliwapa wao nguvu ya kuamua ni Mzungu yupi na Mwasia yupi aingie barazani. TANU iliwaunga mkono waliokubali msimamo wake, nao wakashinda.

Jimbo hilo la uchaguzi halikutumika tena. Agosti 1960 nchi iligawanywa katika maeneo madogo zaidi na kura tatu zikafutwa, ingawa viti vichache vya Waasia na Wazungu vilibakizwa. TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Baada ya Uhuru majimbo ya utawala nayo yalivunjwa, na ardhi ya Jimbo la Mashariki ikawa mikoa ya Morogoro na Pwani.