Neno Lililoufunika Moto: Lugha ya Tahadhari katika Reli ya Chini ya Ardhi ya London

Makala hii inachunguza historia ya lugha ya tahadhari katika vituo vya reli ya chini ya ardhi vya London. Hoja yake ni kwamba usalama wa abiria hutegemea pia neno linaloteuliwa kuitaja hatari.

Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1863. Baadhi ya majukwaa yake yamepinda, ilhali behewa limenyooka. Hivyo hubaki mwanya mlangoni. Katika kelele za magurudumu na msongamano wa watu, onyo refu halikufaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo liliporekodiwa tangazo la maneno matatu tu ya Kiingereza, la kuwataka abiria wauangalie mwanya huo. Kuhifadhi sauti kidijitali kulikuwa ghali, na maneno machache yalikuwa rahisi kuandikwa jukwaani. Hatari ikatajwa kwa jina lake, nayo ikasikika.

Moto haukutajwa hivyo. Ngazi za umeme zilizotengenezwa kwa mbao ziliwaka mara kwa mara, lakini wasimamizi walipendelea kusema kwamba zilikuwa "zikifukuta". Kinachofukuta huungua polepole bila ndimi za moto. Hakimtoi mtu mbio. Uvutaji wa sigara ulipigwa marufuku vituoni mwaka 1985, ila abiria wengi waliendelea kuwasha sigara wakiwa juu ya ngazi hizo wakielekea nje.

Jioni ya tarehe 18 Novemba 1987, katika kituo cha King's Cross, njiti ya kiberiti iliyokuwa ikiwaka ilipenya chini ya ngazi na kuangukia grisi na takataka. Kwa takriban robo saa moto ulionekana mdogo. Abiria waliongozwa kupitia ngazi nyingine, zilizoishia katika ukumbi uleule wa tiketi. Ghafla moto ukalipuka hadi ukumbini. Watu 31 walipoteza maisha.

Taarifa ya uchunguzi ya Desmond Fennell, iliyotolewa mwaka 1988, ilikuwa na mapendekezo 157. Ilibainisha kwamba uongozi ulikuwa umeuzoea moto kama jambo lisiloepukika. Tasfida ya "kufukuta" iliulea mazoea hayo. Wanaoandaa istilahi za usalama kwa Kiswahili wana la kujifunza hapa: neno linalotuliza hofu laweza pia kuchelewesha hatua za kuokoa maisha.