Meli moja, mabwana wengi: Liemba ya ziwa Tanganyika

Sisi tunaokaa pembeni ya ziwa Tanganyika tunajua kwamba chombo cha majini hakina kabila. Anayekishika leo anaweza kukiacha kesho, lakini maji ni yale yale na mizigo ni ile ile. Mfano mkubwa ni meli Liemba. Ni ya chuma, siyo ya mbao kama mashua zetu, lakini historia yake inatuhusu sana.

Meli hiyo ilitengenezwa mwaka wa 1913 katika karakana ya Meyer, mji wa Papenburg, inchi ya Ujerumani. Kisha wakaifungua kipande kwa kipande, wakaitia katika makasha karibu 5.000, ikasafirishwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam. Toka pale ikapanda gari la moshi, sababu reli ilikuwa imefika Kigoma mwaka wa 1914. Ikaunganishwa tena, na Februari 1915 ikateremshwa majini. Urefu wake ni karibu mita 70. Waliiita Graf von Götzen, jina la gavana aliyetawala upande ule toka 1901 mpaka 1906, wakati vita ya Maji Maji ilipolipuka. Majina ya mafundi Wajerumani waliokuja nayo yako vitabuni. Ya Waafrika waliobeba yale makasha hatuyasomi.

Upande wetu, Wabeleji walikuwa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Waingereza nao walipitisha mashua mbili za mbao, Mimi na Toutou, katika Katanga mpaka ziwani. Desemba 1915 wakakamata meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Februari 1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann. Ile kubwa hawakupigana nayo. Ndege za Wabeleji zilirusha mabomu juu ya Kigoma, na tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha, ili adui asiipate. Lakini mbele ya kuizamisha, mafundi walipaka mashini mafuta mazito, sababu walitumaini kurudi.

Hawakurudi. Mafuta yao yalisaidia wengine. Wabeleji, waliokuwa wameshika Kigoma, waliiinua meli, lakini mwaka wa 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakaiinua mwaka wa 1924, wakakuta mashini bado zinafaa. Mwaka wa 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa upande wa kusini, ambalo Livingstone aliliandika.

Toka hapo ilikuwa mali ya reli ya Tanganyika, kisha ya Afrika ya Mashariki, kisha ya Tanzania, na mwisho ya kampuni ya meli ya serikali hiyo. Miaka ya 1970 mashini ya moshi ikaondolewa, ikatiwa ya mazuti. Na kwa vijiji visivyo na bandari, mitumbwi na mashua za mbao ndizo zilizoikimbilia katikati ya maji, kupokea watu, mafuta ya ngazi na samaki wakavu.

Mwaka wa 1997 HCR iliitumia kurudisha wakimbizi wetu. Kwa safari 22, kati ya Kigoma na Uvira, ilileta nyumbani watu zaidi ya 75.000. Mwaka wa 2015 ikabeba wakimbizi wa Burundi toka Kagunga mpaka Kigoma. Meli iliyotumiwa katika vita ikawa ya kuokoa watu waliokimbia vita!

Kwa nini ilidumu zaidi ya miaka mia moja? Siyo uchawi. Kila bwana aliyeipokea aliitengeneza, hata kama hakuijenga yeye. Kwetu, mashua ya mbao inauzwa toka mkono mpaka mkono, hakuna anayeangalia mbao zilizooza. Inapakiwa kupita kiasi, na ikipinduka tunasema ni mapenzi ya Mungu. Hapana, wandugu. Ni mapenzi ya mwenye mashua.

Tena, mashua zetu nazo zina historia. Tuwaulize wazee wakingali hai: nani aliichonga, nani aliinunua, ilibeba nini, ilifia wapi? Tuandike. La sivyo, watoto wetu watajua jina la gavana wa Wajerumani, lakini hawatajua jina la fundi wa kijiji chao.