Kalibu za Mchanga, Misalaba ya Shaba

Ukitaja Kisenge leo, watu wa Kolwezi, Kongo, hufikiria manganizi. Mji huo uko magharibi, upande wa Dilolo na mpaka wa Angola, na madini yake yalikuwa yakipelekwa kwa treni hadi bandari ya Lobito, mpaka vita vya Angola vilipofunga njia mwaka 1975. Lakini zamani, kabla reli haijafikiriwa, mzigo mmojawapo uliopita nchi hii ya Walunda kwenda magharibi ulikuwa shaba. Mwaka 1806 wafanyabiashara wawili waliotoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walikata nchi ya Lualaba ya juu wakielekea kwa mfalme Kazembe. Shajara ya safari yao inataja mawe ya kijani na shaba iliyofuliwa huko.

Shaba hiyo mara nyingi ilisafiri ikiwa na umbo la msalaba.

Kazi ilikuwa ya kiangazi, mashamba yakishapumzika. Wanaume walichimba, wanawake na watoto wakaokota na kuchambua malakaiti, yale mawe ya kijani. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likajazwa makaa na mawe, kisha vijana wakashika mivukuto ya ngozi. Shaba haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 1085 za Selsiasi, na mivukuto ikilegea kidogo tu, kazi ya siku nzima imepotea. Shaba ya kwanza iliyotoka haikutosha: iliyeyushwa tena ili isafike, ndipo ikamiminwa kwenye kalibu iliyochimbwa mchangani. Askofu Mbelgiji Jean-Félix de Hemptinne aliwahoji wazee walioijua kazi hiyo, akachapisha habari zake mwaka 1926. Asingewahi, mengi yangezikwa pamoja na wazee hao.

Uchukue msalaba mmoja mkononi uutazame. Upande uliolalia kalibu unaonyesha umbo alilolikusudia fundi, kingo zake zikiwa wazi. Upande wa juu, uliopoa hewani, una mikunjo na vishimo. Shaba iliyoyeyuka hunywa hewa, na inapoganda huitema. Ndiyo asili ya vishimo hivyo. Tena hupungua ujazo kwa asilimia 4 hadi 5 inapogeuka kuwa kitu kigumu. Na kalibu ikiwa na maji, mvuke huirusha shaba ya moto usoni pa mmiminaji. Fundi hakuwa na kipimajoto wala mizani ya maabara, ila alilazimika kuujua mchanga wake, udongo wake na rangi ya moto wake, maana kosa lilimuunguza au lilimharibia mali.

Shida hizohizo za kumimina ndizo zinazomsumbua fundi wa meno bandia. Mwaka 1907 daktari wa meno Mmarekani, William Taggart, aliwaonyesha wenzake jinsi ya kumimina dhahabu kwenye kalibu iliyoachwa wazi na nta iliyoyeyushwa. Dhahabu nayo ikapungua ilipopoa, na jino likakataa kukaa. Dawa ikapatikana kwenye kalibu yenyewe: plasta ikachanganywa na silika inayotanuka kwa joto, ili tundu liongezeke kiasi kile ambacho dhahabu itapungua. Tangu mwaka 1919 ofisi ya vipimo ya serikali ya Marekani ilianza kuvijaribu vifaa vya meno kimoja kimoja. Taji la jino haliruhusu kosa hata la unene wa unywele. Msalaba wa shaba ulihitaji kitu kingine: ufanane na wenzake kiasi cha kukubaliwa sokoni.

Na hapo mafundi wa Katanga walifika mbali. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yalifukuliwa na Jacques Nenquin na Jean Hiernaux mnamo 1957 na 1958, na baadaye Pierre de Maret aliendelea na uchunguzi katika bonde la Upemba. Misalaba iliyozikwa na wafu kuanzia karne ya 13 hivi ilikuwa mikubwa. Ya karne zilizofuata ni midogo, inayokaribiana umbo na uzito, na mara nyingi iliwekwa karibu na mikono ya maiti. De Maret aliiona kuwa fedha. Fedha za namna hiyo haziwezekani bila kalibu zinazoaminika.

Karne ya 19 Wayeke wa mtawala Msiri, waliotoka upande wa Unyamwezi, waliongeza ufundi wa kuvuta shaba kuwa waya na bangili. Msiri aliuawa Desemba 1891. Juni 1911 tanuri la kampuni ya Union Minière huko Lubumbashi likamimina shaba yake ya kwanza, na haja ya mafundi wa vijijini ikafifia.

Mwaka 2019 Frederik Rademakers, Nicolas Nikis na wenzao walichapisha matokeo ya kupima kemia ya misalaba na isotopu za risasi zilizobaki ndani yake. Shaba yake, walionyesha, ilitoka katika ukanda huuhuu wa shaba unaopita Kongo na Zambia.